Tupa kuukuu si patasi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu huku sufuria iko motoni, safari hii hatutasema juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Hayo umekwisha kuyasikia mara nyingi, na pale penye kazi kuna msimamizi wa kukukumbusha. Leo twende nyumbani, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kule ulikoweka sanduku lako la vyuma na kile kiti kidogo cha miguu mitatu. Huko hakuna msimamizi. Huko wewe ndiwe mkubwa wa kazi, ndiwe fundi, tena ndiwe mgonjwa wetu wa kesho.

Siku ya kwanza ya juma moja, saa moja ya asubuhi, baba mmoja alifika dispanseri. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu kidogo. Akasema: «Dokta, jicho linaniwasha tu. Nipe matone nirudi kazini.» (Wanatuita dokta sisi sote, hata wauguzi, tumechoka kuwasahihisha.) Nikamwuliza: «Baba, ulikuwa ukifanya nini?» Akajibu: «Si kitu. Nilikuwa ninatengeneza toleka ya mtoto.»

Hapa Kisangani hakuna asiyejua toleka, ile baiskeli yenye kiti cha nyuma ambayo vijana wetu wanabebea watu toka Mangobo mpaka Makiso. Kijana wa baba huyu alikuwa akitafuta faranga za masomo kwa njia hiyo. Pini inayoshika mkono wa pedali ilikuwa imekwama kwa kutu. Baba hakuwa na patasi ya chuma, na ile ya sokoni alijua inapinda kwa pigo la kwanza. Akachukua tupa kuukuu isiyokata tena, akaivunja vipande viwili, akanoa ncha ya kipande kimoja juu ya jiwe, akaanza kupiga kwa nyundo. Pigo la kwanza, pigo la pili. Kwa pigo la tatu alisikia sauti ndogo, «ti!», na akahisi kana kwamba mdudu amemgonga jichoni.

Hiyo ilikuwa siku ya posho jioni. Damu haikutoka. Bibi yake alimtafutia maziwa ya binti yao anayenyonyesha, wakatia jichoni. Siku ya Mungu maumivu yakapungua, naye akaenda kusali kama kawaida. Siku ya kwanza akaja kwangu kutafuta matone.

Nilipomulika kwa tochi niliona mboni si ya duara tena. Ilikuwa imevutwa upande mmoja, kama tone la maji linalotaka kuanguka. Nikafunika jicho bila kulikandamiza, na tukampeleka kwa daktari wa macho. Picha ilionyesha kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele, kimelala ndani kabisa. Walikitoa. Lakini leo jicho lile linajua tu kama ni mchana au usiku.

Sikuandika haya ili kumcheka baba huyo. Nusu ya wafanyakazi wetu wangefanya kama yeye, na mimi mwenyewe ningefanya kama yeye kabla sijajifunza tofauti ya chuma na chuma.

Ufundi wetu si wa jana

Wengine watasema: basi, watu waache kugeuza vyombo, wanunue vyombo vizuri. Ni maneno ya mtu asiyekwenda sokoni. Vyombo vyetu vinafika kwa mashua toka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1700 za mto, ao kwa malori toka Butembo na Bunia, na kila mikono vinayopita inaongeza bei. Chombo kizuri kinakula mshahara. Chombo cha bei ndogo kinakuja na mpini unaocheza, kichwa cha nyundo kinachotoka, patasi laini kama bati, koleo ambazo meno yake hayakutani. Mtu mwenye akili anakirekebisha. Anabadili mpini, ananoa upya, anapunguza hapa, anaongeza pale. Hiyo ni kazi ya heshima.

Tena watu wa mto huu wamejua chuma tangu zamani sana. Walokele na Watopoke, majirani zetu wa upande wa chini ya mto, walikuwa na vyuma virefu vilivyofuliwa kwa mfano wa mkuki, virefu karibu kama mtu, ambavyo vilitumika kama mali wakati wa kulipa ndoa. Leo vingi viko katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Waliovifua hawakuwa na kitabu. Walijua kwa macho, kwa sikio na kwa mkono chuma gani kinapinda, gani kinavunjika. Sisi tumepata vyuma vya viwandani, vya namna nyingi, vilivyochanganywa katika sanduku moja, na ujuzi ule hatukuwapa watoto wetu wote. Hapo ndipo ajali inapoanzia.

Kwa nini tupa inaruka

Msumari, tupa na resori ya lori vyote tunaviita chuma, lakini si kitu kimoja. Ndani ya chuma kuna kaboni, kitu kile kile kilicho ndani ya makala ya kupikia. Katika gramu 1000 za msumari kaboni ni gramu 1 ao 2 tu. Katika resori ya lori ni karibu gramu 6. Katika tupa nzuri inafika gramu 10, hata 12 na zaidi. Ukikipasha moto chuma chenye kaboni nyingi mpaka kiwe chekundu, kisha ukakizimisha ghafula ndani ya maji, kinakuwa kigumu sana. Hivyo ndivyo tupa inavyotengenezwa, kwa sababu kazi yake ni kuuma vyuma vingine.

Lakini ugumu una bei yake. Fikiri kijiti kibichi cha muhogo na kipande cha muhogo uliokauka juani. Kile kibichi ukikipiga kinapinda. Ule mkavu ni mgumu kuliko kile kijiti, lakini ukiupiga unavunjika na vipande vinaruka kila upande. Tupa ni muhogo mkavu. Iliumbwa kwa kusukumwa polepole kwa mikono miwili, haikuumbwa kupigwa kwa nyundo. Hata yale meno yake ni mistari mingi ya kuanzia ufa. Na uso wa nyundo nao ni mgumu. Kigumu kikipiga kigumu, kimoja lazima kitoe kibanzi, na kibanzi hicho kinakwenda upesi kuliko unavyoweza kufumba jicho.

Kwa hiyo usipige tupa kwa nyundo. Usipige pia beringi za ndani ya mashine, yaani zile duara zinazosaidia magurudumu kuzunguka, wala nyundo kwa nyundo nyingine. Kila juma naona vijana wawili wanatoa kitu kilichokwama: mmoja anaweka nyundo juu yake, mwenzake anapiga juu ya nyundo ile. Wanafanya hivyo na macho wazi, na watoto wamesimama kuwatazama.

Namna ya kujua ugumu wa chuma usichokijua ni rahisi. Chukua tupa nzima inayokata vizuri, uiburute juu ya pembe ya chuma kile. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu: usikipige. Ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini zaidi. Dakika moja tu, na tupa haiharibiki ukifanya polepole.

Sasa utaniuliza: tupa zangu kuukuu nizitupe? Hapana. Mfua chuma mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, alinionyesha kazi yake siku nilipokwenda kumfunga kidonda cha mkono, na nilikaa kule kuliko kidonda chenyewe kilivyohitaji. Yeye anatengeneza visu vya kuchongea mbao kwa tupa. Kwanza anaipasha tupa mpaka iwe nyekundu, na kuifukia ndani ya majivu ya moto usiku kucha ili ipoe polepole. Asubuhi ni laini, anaweza kuikata na kuondoa meno yote. Akimaliza umbo, anapasha tena sehemu ya makali. Anajaribu kwa sumaku: sumaku ikiacha kushika, moto umekaribia kutosha, anaongeza kidogo tu, kisha anazimisha. Sasa makali ni magumu sana, hayafai bado. Anayasugua mpaka yang'ae, anayapasha kwa upole mbali na ndimi za moto, na kutazama rangi zinazotembea juu ya chuma. Kwanza inakuja rangi ya majani makavu, hiyo ni karibu digri 220 ao 230. Kisha kahawia, digri 260 hivi. Kisha zambarau, na mwisho buluu, karibu digri 300. Kwa kisu cha mbao anasimamisha kwenye rangi ya majani makavu. Kwa chombo kitakachopigwa anangoja zambarau ao buluu, na upande wa kupigwa anauacha laini kabisa, hautii majini hata kidogo.

Alinieleza neno jingine ambalo wengi hawalijui. Ukinoa chombo juu ya jiwe la umeme mpaka makali yakageuka buluu, umekwisha kuyalegeza bila kujua. Ndiyo sababu panga lililonolewa kwa haraka halikai na makali. Tia chuma majini kila mara unaponoa, kabla hakijachoma vidole vyako.

Lakini hata yeye, fundi wa miaka mingi, patasi ya kupiga haifui kwa tupa. Anatumia resori ya lori. Nilimwuliza sababu. Akaonyesha kovu la paji la uso, nusu kidole juu ya nyusi, akaendelea kuvukuta.

Patasi yenyewe nayo inataka kutunzwa. Ukipiga siku nyingi, kichwa chake kinapanuka na kupinduka kama uyoga. Yale mashavu ya uyoga yatakatika siku moja na kuruka, na mara nyingi yanaingia mkononi ao shingoni. Usingoje. Yaondoe kwa tupa ao kwa jiwe kila mara yanapotokea, na pembe za kichwa uzipunguze kidogo pande zote.

Mpini wa nyundo

Hapa nitapita upesi, lakini nina maneno matatu.

Mpini ukicheza, watu wengi wanatia nyundo ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi inashika vizuri na wewe unafurahi. Mti umevimba kwa maji. Ukikauka utanywea zaidi ya kwanza, na kichwa kitatoka wakati umeinua mkono, pengine mtoto amekaa nyuma yako. Dawa ni mti mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka toka mwanzo mpaka mwisho, bila jicho. Katika hali yetu ya mvua nyingi mti haukauki upesi. Uweke juu ya moshi wa jikoni kwa muda mrefu, kama mama anavyofanya na samaki. Kisha tia kabari ya mti mgumu katika ufa wa juu, na kabari ndogo ya chuma kwa mshazari.

Mpini ukivunjika ndani ya kichwa, usitupe kichwa motoni ili mti uungue. Moto unalegeza uso wa nyundo, nao utapinduka kama ile patasi. Toboa mti na kuugonga utoke.

Na wale wanaochomelea bomba la chuma mahali pa mpini: mahali penye kiungo panaweza kupasuka bila kuonyesha, na mkono wako unapokea kila pigo mpaka kwenye bega. Lakini kuna jambo jingine juu ya mabomba, nalo linanihusu mimi zaidi.

Homa isiyo malaria

Bomba la maji linalong'aa, na bati la nyumba, vimepakwa zinki ili visishike kutu. Ukichomelea bomba hilo ao ukilitia katika makala mekundu, unatoka moshi mweupe mzito. Ukiuvuta, hutasikia kitu kikubwa wakati huo, labda utamu wa ajabu mdomoni. Baada ya saa chache, mara nyingi jioni ao usiku, unaanza kutetemeka. Homa, kichwa, viungo vinauma, koo limekauka, kifua kinabana. Bibi anakufunika mablanketi, anasema ni malaria. Unameza dawa. Kesho yake ao kesho kutwa umepona, na dawa inapata sifa.

Kumbe homa hiyo inaondoka yenyewe kwa siku moja ao mbili. Ubaya ni kwamba utarudia tena juma linalofuata, na ukivuta moshi mwingi mahali palipofungwa mapafu yanaweza kudhurika kwa kweli. Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu neno hili linaweza kukupoteza: hapa Tshopo malaria ni ya kila siku. Usijiambie mwenyewe «ni zinki tu» na kulala. Njoo dispanseri, tutakutoboa kidole na kupima. Tena utuambie ulichochomelea, maana hatuwezi kukisoma usoni mwako. Ukikohoa sana ao pumzi ikipungua, usingoje asubuhi.

Zinki inaondolewa kabla ya moto: sugua kwa tupa sehemu yote itakayopashwa mpaka uone chuma cheusi, na ufanye kazi nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Afadhali zaidi, tafuta bomba lisilopakwa kitu.

Jiwe linalozunguka

Siku hizi mashine ndogo za diski zimeingia katika malupango. Umeme wa Tshopo haufiki kila saa katika kila mtaa, basi ukija usiku watu wanakimbilia kazi, taa hafifu, usingizi machoni. Hiyo peke yake ni mbaya. Mbaya zaidi ni kuondoa kile kifuniko cha chuma ili diski kubwa iingie.

Angalia hesabu. Mashine ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kwa mashine inayozunguka polepole, na juu yake wameandika kipimo chake, karibu mara 6600. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, ukingo wake utakwenda zaidi ya kilomita 470 kwa saa, na ilijengwa kwa kilomita 288 tu. Itapasuka. Haitapasuka siku zote kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo linalodanganya watu. Soma tarakimu zilizo juu ya diski na zilizo juu ya mashine. Ile ya diski isiwe ndogo kuliko ile ya mashine.

Jiwe la kunolea, hata lile la wanoaji wanaozungusha kwa pedali za baiskeli, ulijaribu kabla ya kulifunga. Lining'inize kwa kidole katika tundu lake, uligonge kwa mpini wa mti wa bisibisi. Likilia kama kengele ndogo, ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, limepasuka. Na usisimame mbele ya jiwe wakati wa kuliwasha; simama kando, uliache lizunguke dakika moja.

Miwani je? Ile ya jua ya sokoni ni bora kuliko jicho tupu, lakini si nzuri: vioo vyake vinaweza kupasuka na kukurudia, na pembeni ni wazi. Miwani ya kazi, ya plastiki ngumu yenye kufunika pembeni, ndiyo inayotakiwa. Tunajua wengi wenu mnaiacha katika sanduku la kazini siku ya posho. Kwa maoni yangu, na nimekwisha kuyasema mbele ya wakubwa, kila mfanyakazi apewe ya pili ya kukaa nyumbani. Jicho likipotea nyumbani, ni jicho lile lile linalokosekana kazini. Mpaka jibu litakapokuja, ibebe ile unayo.

Kibanzi kikiingia

Mama, sehemu hii ni yako zaidi, kwa sababu wewe ndiwe dispanseri ya kwanza.

Kikiwa ni vumbi ao mchanga, mwoshe jicho kwa maji safi mengi, ukiyamimina polepole toka upande wa pua kwenda nje. Asilisugue. Usitafute kitu kwa njiti ya kiberiti wala kwa pembe ya kitenge. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, sukari wala mkojo. Vinaingiza uchafu mahali palipokwisha kujeruhiwa. Maziwa ni mazuri kwa mtoto, tumwachie mtoto.

Lakini mtu akiwa alipiga chuma kwa chuma, ao alikuwa kwenye jiwe linalozunguka, na akahisi kitu kimemgonga, hapo habari ni nyingine. Usioshe, usitie marhamu, usikandamize. Kata sehemu ya chini ya kikombe cha plastiki safi, uiweke juu ya jicho bila kuligusa, uifunge kwa kitambaa, mlete siku ile ile. Siku ile ile, hata kama ni siku ya Mungu, hata kama ni lazima kuvuka mto toka Lubunga.

Na usidanganywe na maumivu. Kibanzi kidogo chenye kwenda mbio kinaweza kupenya jicho na kuacha tundu usiloliona, wekundu kidogo tu, na kesho yake maumivu yamepungua. Mgonjwa anafikiri amepona. Ndani, chuma kinaanza kufanya kile ambacho chuma kinafanya mahali penye maji: kinashika kutu. Kutu hiyo inakula jicho kwa majuma na miezi. Vijidudu vilivyoingia nacho havingoji hata majuma, siku mbili zinatosha. Na mara chache jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu, nalo linaanza kuugua kwa ajili ya lile la kwanza. Kwa hiyo hatuulizi «linauma?» Tunauliza «ulikuwa ukipiga nini?»

Neno moja kwa akina baba juu ya vidonda vya mikono. Tetanosi, ndiyo pepopunda, haitoki katika kutu yenyewe. Inatoka katika udongo na samadi zinazoshika chombo. Mama amechanjwa kila alipokuwa na mimba. Watoto wanachanjwa wakiwa wadogo. Baba, wewe ulichanjwa lini? Kila ninapouliza, mtu anatazama dari. Kwa mtu mzima asiyechanjwa kamwe, sindano ni 5: ya pili majuma 4 baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Njoo na karatasi zako. Ukikosa karatasi, tutaanza mwanzo.

Na kazi ikimalizika, vibanzi vilivyoanguka chini visibaki kwa miguu ya watoto. Vunja redio iliyokufa, toa sumaku ya kipaza sauti chake, uifunge katika mfuko wa plastiki, uipitishe juu ya udongo. Ukigeuza mfuko, vyuma vyote vinaanguka mahali unapotaka. Watoto wenyewe wanapenda kazi hii, ila wavae viatu.

Yule baba wa toleka amerudi kazini, lakini wamempa kazi nyingine, kwa sababu mtu mwenye jicho moja hapimi vizuri umbali. Ananijia mara kwa mara kupima jicho la pili. Juma lililopita alileta kile kipande cha tupa kilichobaki, kimefungwa katika gazeti. Bibi yake alikuwa ameagiza kitolewe nyumbani. Aliniuliza kama yule mfua chuma wa Lubunga anaweza kukigeuza kuwa kisu cha jikoni. Nikamwambia anaweza, akikifukia kwanza ndani ya majivu usiku kucha. Siku ya posho tutavuka pamoja.